Bwana Bonfils Ndani ya Chujio

Jumamosi moja huko Mutanga Sud, Adélaïde alitoboa matundu chini ya ndoo ya rangi, akatandika kokoto, akamwaga makaa juu yake, kisha akafunika kwa kipande cha godoro kuukuu. Akaisimamisha juu ya matofali kando ya bwawa lake la samaki, chini ya bomba lililopenya ukutani kutoka kwa jirani, Bwana Bonfils, mwenye nyumba ya ghorofa.

Bomba hilo lilimwaga maji ya choo na ya jikoni moja kwa moja bwawani. Adélaïde alilalamika, akaambiwa asubiri. Aliliziba kwa saruji. Walinzi wa Bonfils wakaibomoa mchana kweupe, tena wakamsalimia. Tilapia walikufa. Mama yake, Mathilde, aliyekula mchicha uliomwagiliwa maji hayo, alikuwa amelazwa hospitalini kwa tumbo.

Chujio lilifanya kazi. Kesho yake maji yalidondoka bwawani yakiwa maangavu. Adélaïde alipoinua godoro alikamue, alimkuta Bwana Bonfils amenasa ndani, mdogo kama tilapia wa sahani moja, na suti yake na tai.

"Kamua polepole, jirani," alisema.

"Ile bomba utaitoa lini?"

"Apana leo. Mi niko na mikutano."

Adélaïde akamkamua kwa nguvu zote. Yakatoka mafuta ya kukaangia na maji meusi yanayonuka. Akamwanika juu ya ukuta, na kadiri alivyokauka ndivyo alivyorefuka, mpaka mkewe, Christa, akaja na mwavuli kumchukua.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku daktari aliposema figo za Mathilde zimechoka, Adélaïde alimpeleka Bonfils mpaka kwenye mdomo wa bomba.

"Kunywa!"

Bonfils akanywa. Akasema yana chumvi kidogo.

Wiki ile ile Christa alimleta mkuu wa mtaa. "Bwana yangu anaumwa mbavu juu ya hii kitu ya huyu mama," alisema.

Mkuu wa mtaa akainama juu ya ndoo, akavua kofia, akamwamkia Bonfils kwa heshima. Kisha akamgeukia Adélaïde. "Apana kukamua mutu hivi, mama. Tafuta sponji laini."

"Na bomba?"

"Bomba ni mambo ingine."

Adélaïde alitaka kumtupia kokoto. Akafunga lango nyuma yao kwa kishindo.

Mathilde alirudi nyumbani amekonda, hawezi tena kuinama bustanini. Siku hiyo hiyo mafundi walikuwa wakitoboa ukuta upya: bomba la pili, la wapangaji wa Bonfils wa ghorofa ya juu. Adélaïde akaenda sokoni kununua ndoo nyingine. Muuzaji akamwonyesha sponji za kila rangi, laini kama mkate.

"Hizi weka," alisema Adélaïde. "Nipe ile ya chuma, ya kusugulia masufuria."