Mgeni wa Nyuzi Kumi na Nane

...kumi na nane, si ishirini na sita, kumi na nane, nimesugua kioo cha simu kwa kidole gumba nikidhani ni mafuta ya chakula cha mchana yamenipotosha, na bado ni kumi na nane, chumba cha kulala, chumba changu mimi, saa nane mchana, na pembeni kile kialama cha kijani kinachosema Kuna mtu, mtu gani, mke wangu yuko kazini, asubuhi nilipompigia alisema anavaa viatu atoke, watoto wako bweni, sasa nani yuko chumbani mwangu anajipunguzia joto mchana kweupe, na chini yake kwa maandishi madogo, Imebadilishwa na Mgeni, Mgeni, kwa herufi kubwa ya mwanzo kabisa, kama jina la mtu mwenye heshima zake... "Pafukapo moshi?" anauliza mkufunzi kule mbele, ukumbi unajibu kwa uvivu, "Pana moto", naye anacheka peke yake, siku ya pili hii ya semina ya kuzuia moto na mzaha ni ule ule, nami nimeuweka mkono chini ya meza, simu imelala pajani, nasema moyoni huenda kifaa kimekosea, kile kisanduku cheupe cha ukutani sebuleni kinacholeta habari za nyumba simuni, lakini fundi aliyekifunga aliapa hakikosei, "Bosi, hata ukiwa mwezini utajua nyumba yako ina joto gani", na kweli hakijawahi kukosea, kila safari nakaa mbali huko nazima taa ya jikoni iliyosahaulika, napasha maji ya kuoga ya watu wengine, natazama sebule ikipoa na kupanda kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kama kitu kimeiva, chumbani tu sikuwa nachungulia hadi leo, na kila chumba nilikiacha ishirini na sita, nyumba yetu ni ishirini na sita, mimi ni mtu wa joto, mke wangu ni mtu wa joto, hajalalamika hata siku moja, watu wanavunjiana ndoa kwa rimoti ya televisheni, sisi hata kiyoyozi hatujagombania, kwa hiyo aliyepunguza si yeye, aliyepunguza ni mtu wa baridi, na mtu wa baridi namjua mmoja tu.

Bonge. Bosi wa mke wangu. Alikuja nyumbani siku ile walipomuaga yule mhasibu wao, akakaa kwenye kiti changu, kiti kikalia, akajifuta shingo na leso mbili, "Jamani mnaishi ndani ya tanuri? Mimi bila kumi na nane silali", aliitaja mwenyewe, kumi na nane, na mke wangu akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na mimi huyu mwanamke nimemchekesha kwa kila njia, nimemsimulia vituko vya ghalani, nimemuigizia dereva wetu anavyoendesha kreni, ananipa tabasamu tu, lile la "umerudi, pole na kazi", lakini kwa Bonge alishika meza... paka akiondoka panya hutawala, ndivyo wanavyosema, ila panya huyu ana uzito wa magunia mawili ya saruji na yuko juu ya godoro nililolichagua mimi, lile la mgongo wangu... tulia, tulia, mtu mzima haulizi kwa pupa, nimemwandikia, Kazini vipi?, nikaweka na ua moja, jibu limekuja upesi mno, Kazi nyingi mpenzi, wateja wamejaa, semina je?, wateja wamejaa! na kialama cha kijani hakijatikisika, Kuna mtu, sasa mtu huyo ni nani na mke wangu ananidanganya kwa nini, sijui huu ni wivu ama ni hasira, wivu, ni wivu, kwa nini nijifiche, nina wivu hadi kwenye kucha, na kidole kimeshakwenda chenyewe kwenye alama ya kujumlisha, ishirini na nane, haya, toeni jasho, toeni jasho halali, Bonge ayeyuke tumpate amemwagika sakafuni... kumi na nane. Wameirudisha. Thelathini! Kumi na nane. Thelathini tena, na tena inashuka, mgeni gani huyu asiye na haya, hata mwizi akisikia kikohozi cha mwenye nyumba hukimbia, "Moto unahitaji vitu vitatu," anasema mkufunzi, "joto, hewa na kitu cha kuungua", basi mimi nimetimia, niiteni ubaoni muwaonyeshe wenzangu, jirani yangu wa kiti, yule wa ghala la mbolea, ameamka, ananinong'oneza, "Kaka, una homa? Unatiririka", namwambia ni pilipili, na hapo hapo simu inatetemeka pajani, si mke wangu, ni fundi.

Nimeinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, "Sema upesi", naye kwa sauti yake ya barabarani, "Bosi, samahani sana, wewe huko ndiye unayechezea kiyoyozi cha chumbani?", nani kakwambia, "Shemeji kanipigia, anasema akishusha kinapanda, akishusha kinapanda, nikajua ama kimeingiwa na shetani ama ni wewe", shemeji yako yuko kazini, nasema, naye anababaika, "Aa... eh. Kweli. Yuko kazini", "Fundi!", "Bosi, mdomo wangu hauna breki, unanijua, kachukua likizo, wiki hii hii uliyosafiri, yuko peke yake analala tu, kanipigia kwa video nimwonyeshe pa kubonyeza, kajifunika blanketi hadi kidevuni, alisema nisikwambie, utaona vibaya", na Mgeni ni nani, nimeuliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani maana mkufunzi ameacha kuongea, "Mgeni? Mgeni si yeye? Siku ile nafunga nilikuuliza shemeji tumwandike nani, ukasema mpe namba ya mgeni inatosha, asije akavuruga mambo, ndiyo hiyo anatumia, kila ukisafiri ananiuliza tena njia ya kushusha, ukikaribia kurudi anairudisha ishirini na sita, shemeji mtu wa baridi sana yule, kwani hujui?"... kwani hujui, ameuliza bila ubaya, kama mtu anayeniuliza kama najua njia ya kwenda kwangu, nimemwambia najua, najua sana, nikakata.

Bonge hayumo, basi, Bonge yuko ofisini kwake anajifuta shingo, ningepumua, mtu mwingine angepumua na kucheka na kumtumia mkewe maua kumi, lakini pumzi haiji, na wivu haujaondoka, umesogea tu kiti cha pili, sasa nina wivu na fundi, anajua mke wangu analala vipi, nina wivu na blanketi, nina wivu na hicho chumba chenye baridi ambacho mimi mwenye nyumba sijawahi kuingia... siku za mwanzo nilimuuliza, unapenda joto ama baridi, akasema, "Mimi popote sawa tu", nikasikia ndiyo, mtu akikwambia popote sawa unasikia ndiyo, na usiku anatoa mguu nje ya shuka, kila usiku, mguu mmoja, nami kila usiku naamka, naufunika taratibu nisimwamshe, nilikuwa najisifu kwa hilo, nilikuwa nasema kimoyomoyo, wangapi wanafunikwa na waume zao... na yeye alikuwa macho, pengine, akingoja nisinzie autoe tena. Mgeni angekuwa mwanamume ningemfukuza, ningempigia kelele mlangoni majirani wasikie, lakini huyu anayenishinda ni mke wangu mwenyewe akiwa bila mimi, amekwenda likizo hadi chumbani kwetu, huyu namfukuzaje.

Mkufunzi ameendelea, anaonyesha mtungi mwekundu, vuta pini, elekeza chini, jirani yangu amerudi kusinzia, na pajani nakiona chumba kikipoa polepole kuifuata ile kumi na nane yake, ishirini na nne, ishirini na tatu, kidole kiko juu ya alama ya kujumlisha na sikibonyezi, nangoja afike anapotaka kufika, ishirini na moja, sijui nimwandikie nini, lala salama? najua? nisamehe?, kila neno litamtoa kitandani... Ijumaa nitarudi, kabla sijaweka begi chini chumba kitakuwa kimeshapashwa joto kwa ajili yangu, atafungua mlango, atasema karibu mume wangu, nimekukumbuka, na atatabasamu vizuri kabisa, kama siku zote, na mimi nitasimama pale nikimchunguza usoni nijue kama ni kweli, na sitajua, kwa sababu uso huo ndio pekee niliowahi kuonyeshwa.