Debe Moja kwa Mtu Mmoja

Anayesema mimi ndiye niliyeiua timu yetu ya mpira, Nyota ya Lipangalala, aje aniambie usoni, asiniseme kisimani. Jina langu Verediana, mama yake Beatus, na kwa miaka tisa nilishika ufunguo wa stoo ya timu. Sikuiba hata punje. Nitaeleza ilivyokuwa, na atakayechukia achukie.

Kwanza ujue timu yetu ilivyokuwa ikiishi, maana watu wa kamati ya ligi walituona kama kundi la wahuni. Kila mavuno, mwezi wa sita kwenda wa saba, kila shabiki alileta stoo debe moja la mpunga. Moja tu. Una robo eka, debe moja. Una eka hamsini, debe moja. Ukileta la pili nakurudishia juu ya baiskeli yako. Walioanzisha timu walishaona timu nyingine ikishikwa na mtu mmoja mwenye mfuko, siku akikasirika anaondoka na jezi na mpira, watu wanabaki wanatazamana. Wakasema hapa hatutaki mwenye timu. Aliyemwaga debe lake ana sauti moja mkutanoni, awe mwanamke awe mwanamume. Mpunga unakaa mpaka mwezi wa kwanza, bei ikipanda tunauza, tunanunua jezi, tunalipa nauli. Miaka tisa hatukukosa mechi hata moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu ya fedha, na hakuna mtu wa tai aliyetuandikia.

Mwaka tisini na sita ikaja kanuni ya kamati. Barua yenye mhuri: kila timu inayotaka kucheza ligi iweke benki shilingi milioni moja, au ilete mdhamini mmoja wa kuiwekea. Tukapewa siku nane. Itakayoshindwa inafutwa. Sababu walikuwa nayo, sikatai, kwa kuwa msimu uliopita timu mbili zilishindwa kusafiri, na ya tatu mwenyekiti wake aliuza nyavu za goli. Sasa jamani, aliyeuza nyavu ni yeye, anayechapwa ni mimi?

Nikaenda ofisini na Mzee Anselim, katibu wetu, karani mstaafu wa ushirika, mtu anayependa karatasi kuliko ugali. Tukamweleza karani wa kamati kwamba tuna magunia hamsini stoo, aje ayaone kwa macho yake, ayapige mhuri akitaka, yawe ndiyo dhamana yetu mpaka bei ipande.

"Mpunga si fedha, mama," akasema yule karani, kijana msafi, kalamu mbili mfukoni. "Mpunga unaliwa na panya."

"Na hela, mwanangu, zinaliwa na nani?"

Akajifanya anakohoa. Mzee Anselim akanikanyaga mguu chini ya meza, nami nikamwuliza kwa sauti mbona ananikanyaga. Tukatoka bila kitu.

Njiani mzee akaanza kunihubiria. "Mama Beatus, kanuni yenyewe si mbaya. Ushirika wetu ulikufa hivi hivi ninauona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anauliza."

"Mzee wangu, mimi kuulizwa nakubali. Waje na mizani, waje na daftari, waje na padri kama wanataka niape. Ninachokataa ni kuambiwa nilicho nacho si kitu mpaka kipite dirisha la benki."

Alijua na yeye kwamba kuuza wakati ule ni kujiua, kwa kuwa mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yametoka na bei ilikuwa chini kabisa. Magunia hamsini yote yasingefika hata nusu ya milioni. Kuomba watu debe la pili nako hakukuwezekana. Mto ulikuwa umefunika mashamba ya chini mwaka ule, kila nyumba ilikuwa imeshapima chakula cha watoto mpaka mavuno mengine.

Kesho yake akaja Theodori. Huyu alikuwa mnunuzi wa mpunga, mwenye mashine ya kukoboa na malori mawili, tumbo limetangulia. Akasema milioni ataweka yeye, tena Jumatatu asubuhi. Masharti yake yalikuwa matatu. Timu ichukue jina lake, mwenyekiti achaguliwe na yeye, na mpunga wote wa stoo auziwe yeye sasa hivi kwa lumbesa. Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likashonewa kofia juu, madebe tisa ndani yake, halafu mnunuzi anakulipa la madebe sita na kukupigia na mluzi.

Mimi ningemfukuza palepale kwa ufagio. Lakini kulikuwa na Beatus.

Beatus mwanangu alikuwa nahodha na mshambuliaji wa Nyota. Kocha mmoja wa Morogoro mjini alikuwa ametuma ujumbe kwamba atakuja kutazama mechi za mwanzo za ligi, na kwamba anatafuta mshambuliaji, na kwamba jina la Beatus amelisikia. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na minne. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba kila akicheza, nalikanda mimi kwa maji ya moto, najua. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho wa kuonekana. Nyota ikifutwa, kocha atakuja kutazama watu wengine, na Beatus atabaki na jembe mpaka azeeke.

Jumamosi jioni akanikuta napepeta mchele. Akakaa kwenye kinu, akasema, "Mama, kesho mkutanoni nakuomba kitu kimoja. Usiseme neno."

"Umeniona lini mimi nikinyamaza?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Nikaendelea kupepeta mpaka mchele ukawa mweupe na mimi bado napepeta.

Jumapili baada ya Misa watu wakajaa uwanja wa stoo. Theodori akaja na kiti chake mwenyewe, kimebebwa na dereva. Mzee Anselim akafungua mkutano, Theodori akasimama kuongea, na mimi nikasimama pia.

"Samahani, Bwana Theodori. Debe lako liko wapi?"

"Debe gani tena, mama? Mimi naleta milioni!"

"Anayesema hapa ni aliyemwaga debe. Hata paroko angekuja angeanza na debe."

Watu wakacheka. Theodori akacheka pia, akamwambia dereva akalete magunia kumi kutoka kwenye lori. Nikamwambia kumi hatupokei, tunapokea debe moja. Ilibidi mtu mzima yule achote debe moja kwenye gunia lake, alibebe mwenyewe, aje alimwage mbele ya watu na suruali yake ya kupiga pasi. Nikamsogezea nafasi. Ndipo akaeleza masharti yake, na kwa kweli aliyaeleza vizuri, maana yule mtu alikuwa na mdomo.

Minong'ono ikaanza, na wengi walikuwa wanataka. Nawaelewa. Nani hapendi ligi? Mtu amelima wiki nzima, Jumamosi anataka akapige kelele mpaka asahau mgongo wake.

Nkwabi akanyoosha mkono. Huyu ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, analima mpunga pia, na debe lake huwa halikosi. "Mimi nina ng'ombe arobaini," akasema taratibu. "Benki sina hata senti. Kwa kanuni hii mimi ni maskini, na karani wa kamati mwenye baiskeli ya mkopo ni tajiri. Haya. Mniambie tu nimpe nani shikamoo."

Kicheko kikalipuka. Lakini Beatus alikuwa amesimama, hacheki.

"Nimemwaga debe langu, nina sauti yangu," akasema. "Mimi nataka tukubali. Jina ni rangi tu, tutaipaka tena siku nyingine. Mimi nacheza kwa miguu, na miguu haisubiri. Nyie mkikosa ligi mwaka huu mtashangilia mwakani. Mimi mwakani sipo."

Hakunitazama. Mimi moyo wangu ulikuwa unaniuma kama jino. Ningeweza kunyamaza, na Mungu ananiona, nilitamani kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshika ufunguo ule miaka tisa.

"Anayosema mwanangu ni ya kweli," nikasema. "Goti lake nalijua kuliko yeye. Ila tusidanganyane. Kanuni ya kamati inasema inalinda timu zisiliwe na watu wachache. Halafu inasema ukikosa milioni, tafuta mtu mmoja akumeze mzima! Ulinzi gani huo? Sisi kanuni yetu ni kali kuliko yao. Tumemkatalia kila mtu debe la pili, leo tumpokee huyu na milioni? Basi wote niliowarudishia madebe yao niwaombe radhi. Mimi sikubali, na najua kutokukubali kwangu kunamuumiza mtoto wangu mwenyewe. Nimemaliza."

Nikakaa.

Kura zetu hazipigwi kwa karatasi. Wanaokubali walisimama upande wa barabara, wanaokataa wakasimama mlangoni pa stoo. Beatus akaenda barabarani na wachezaji wenzake karibu wote. Nkwabi akaja kwangu. Mzee Anselim alibaki katikati na daftari lake, anatazama huku, anatazama kule, nikajua nimempoteza. Kisha akalifunga daftari akaja mlangoni.

"Kanuni naipenda," akaninong'oneza. "Bei yake ndiyo siipendi."

Nyuma yake wakaja wengine, wanawake wa sokoni, mafundi baiskeli, wazee wa kwaya, mpaka mlango wa stoo haukuonekana. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Theodori akachukua kiti chake. "Timu nitasajili yangu," akasema, "na wachezaji wenu watakuja wenyewe kwa miguu yao." Debe lake hakulidai, na mimi sikumkumbusha.

Beatus hakula kwangu siku tano. Anatoka shamba, anapita, "Shikamoo mama," "Marahaba," anaenda kula kwa rafiki zake. Shikamoo ile ilinichoma kuliko matusi. Ndani ya siku hizo tukasikia timu ya kijiji cha Mofu nayo imeshindwa milioni. Wakatuma mtu na baiskeli: njooni tucheze wenyewe, nje ya ligi, Jumamosi, au sisi tuje kwenu. Tukawaambia njooni.

Jumamosi asubuhi tukaitwa ofisini, mimi, katibu na nahodha. Tukaenda watatu. Theodori alikuwa ameshafika, anakunywa chai. Karani akafungua kitabu cha usajili, akaweka rula, akachora mstari juu ya jina la Nyota ya Lipangalala. Mzee Anselim akavua kofia. Mimi nikamwambia karani achore vizuri, mstari umepinda.

Kisha karani akamtazama Beatus kwa upole. "Wewe usiwe na wasiwasi. Bwana Theodori amekuchukua kwenye timu yake mpya. Jina lako halifutwi, linahamishwa tu. Weka saini hapa. Kocha wa Morogoro anafika wiki ijayo."

Karatasi ikasukumwa mbele yake, na kalamu juu yake.

"Saini, mwanangu," nikasema. Na nilimaanisha. Nilikuwa nimekataa kwa debe langu, lakini goti lilikuwa lake na maisha yalikuwa yake, na sikutaka azeeke akinitazama kwa jicho lile la siku tano. "Saini. Sitakununia hata kidogo, naapa."

Beatus akachukua kalamu. Akaisoma karatasi yote mpaka chini, polepole, Theodori akiwa ameacha kunywa chai. Halafu akairudisha kalamu mezani.

"Jina langu mnalifuta lini?" akamwuliza karani.

"La kwako linabaki, nimekwambia."

"Sikuuliza kama linabaki."

Karani akamtazama Theodori. Theodori akatazama kikombe chake. Kisha rula ikawekwa tena na mstari ukachorwa, safari hii ulinyooka. Mlangoni walikuwa wamesimama wachezaji wengine sita wa Nyota ambao Theodori alikuwa amewaita waje kusaini. Walikuwa wameona. Wa kwanza akaingia akasema na la kwake pia, na waliobaki wakajipanga nyuma yake.

Tulipotoka nje nikamshika Beatus mkono, nikamwambia yeye ni mjinga. Nilimwambia mara tatu, machozi yananitoka na watu wa sokoni wanatazama. Jumapili alisimama kule barabarani mbele ya watu wote akapingana na mama yake, sasa hii ni nini?

"Nilikuwa na sauti moja, mama," akasema. "Niliitumia, nikashindwa. Panda baiskeli, Mofu wameshavuka mto."