Kifungo cha Juu

Asubuhi hiyo mama alimbeba binti yake mgongoni kama kawaida, miguu ya mtoto ikimgonga mapajani, maana Bibie si mdogo tena. Usingizi ulikuwa haujamtoka mama sawasawa. Ukungu ulitanda barabarani, watu wakitokea na kupotea kama ndotoni, na yeye akatembea akiomba jambo moja tu: leo Bibie asije akajitia kujua.

Bibie ni jina la utani. Alizaliwa na misuli legevu, ugonjwa wa kurithi ambao hospitali waliutaja kwa jina refu hadi mama akachoka kuuliza. Kila Jumanne walikwenda kwenye chumba cha tiba kazi, ambako mtaalamu waliyembandika jina la Dada Mikono huwafundisha watoto kushika kijiko, kuchana nywele, kuvaa. Chumba kile kina sheria yake: mama anaikalia mikono yake mwenyewe. Ndiyo, anaikalia! Mikono ya mama ina kiherehere. Mtoto akihangaika kidogo tu, imeshamfanyia.

Leo anakuja mkaguzi wa kuamua nani aendelee na tiba. Kwenye benchi akina mama walishapeana habari.

"Asiyeweza kabisa wanamtoa, eti anapoteza muda," mama wa mapacha alimnong'oneza. "Anayeweza naye wanamtoa, eti amepona. Wako awe hapo katikati, shoga. Mwambie azubae."

Akamwambia. Alimwinamia sikioni: "Leo usifunge kifungo, sawa mama?" Bibie akamkodolea macho, kwa sababu miezi yote hiyo wimbo ulikuwa funga, funga.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alichuchumaa mbele ya Bibie, gauni la mtoto likiwa wazi kifuani. "Haya mrembo, nionyeshe."

Mama akaikalia mikono. Mwanga wa dirishani ulikuwa laini, vumbi likielea ndani yake, na vidole vya Bibie navyo vikawa kama vinaelea, vikapanda, vikakosa tundu, vikarudi. Sauti za chumbani zilimjia mama kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Zubaa mwanangu, aliomba moyoni. Halafu bila kujijua akawa anaomba kinyume chake: sukuma, kidogo tu, sukuma. Kifungo cha juu kikaingia.

Bibie akapiga yowe la furaha. Tangu azaliwe, hajawahi!

"Amepona huyu," mkaguzi alisema, akitabasamu kwa dhati. "Hongereni. Nafasi yake tutampa mwingine."

"Hajapona, bwana. Ameweza," mama alisema. "Kupona na kuweza ni vitu viwili. Bado vifungo vinne, bado kijiko, bado choo."

"Kwetu sisi ni kitu kimoja, mama."

Dada Mikono akawahi. "Mzee, ile ilikuwa bahati. Vidole viliteleza tu." Akamgeukia mama, akamkazia macho. "Si ndiyo, mama? Bahati tu?"

Upenyo ulikuwa huo. Neno moja, na Jumanne zingebaki zao. Hata mkaguzi alisubiri, kama mtu ambaye naye angependa kulisikia. Mama akafungua mdomo aseme ndiyo. Bibie alikuwa akimtazama, shingo imelala upande, mate kidevuni, anangoja kusifiwa.

"Si bahati," mama alisema. Sauti ilimtetemeka kwa hasira na kwa fahari, asijue ipi ni ipi. "Mwanangu amefunga mwenyewe."

Dada Mikono akainamisha kichwa. Mkaguzi akasimama, akamwita anayefuata.

Nje ukungu ulikuwa bado haujaisha. Bibie aliegemeza shavu shingoni mwa mama yake, akasema kwa ule usemi wake wa kuvuta:

"Mama, Jumanne nafunga cha pili?"

"Utafunga, mama," akamjibu, akashindwa kumwambia wapi.