Droo ya Tatu Kutoka Chini

Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi Mwanvua alivuta kamba, kitanda kikapanda ukutani. Upande wa chini wa kitanda, ule ambao usiku huangalia sakafu, kulikuwa na misumari kumi na mmoja, na kila msumari ulibeba sufuria au kikombe. Kitanda kikishasimama, ukuta unakuwa jiko. Akafungua dirisha, na kibao cha dirisha kikashuka kwa ndani kikawa meza. Akatoa unga ndani ya kigoda. Yote hayo aliyafanya bila kuhama aliposimama, maana chumba kilikuwa mita tatu kwa mbili na nusu, na mtu akianza kuzunguka humo atajipiga kikumbo mwenyewe.

Chumba hicho cha Buyenzi, barabara ya kumi na nne, kilikuwa kazi ya mumewe, Mohamadi, seremala. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikitengeneza kila Ijumaa baada ya swala: hapa bawaba, pale kapi, kizingiti cha mlango kikawa sanduku la viatu. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba kitu kisicho na kazi mbili hakilali humu.

"Na we, Baba Karimu," Mwanvua alipenda kumuuliza mumewe, "kazi yako ya pili ni gani? Ya kwanza bado sijaiona."

Majirani wenye vyumba viwili na vitatu walikuja kubarizi kwao, kwa sababu kwao kulikuwa na nafasi.

Kitu kikubwa kuliko vyote humo kilikuwa kabati la mvule lenye droo tisa, lililosimama kando ya mlango. Kila droo ilikuwa na upana wa sentimita arobaini na tano na kina cha sitini. Droo ya tatu kutoka chini haikuwa na kishikio. Kilipotea, na tangu hapo waliifungua kwa mpini wa kijiko. Mohamadi alikuwa amesema atakiweka kesho. Alisema hivyo miaka minne mfululizo, na seremala gani ana kabati zima nyumbani kwake?

Mwezi wa saba wa mwaka elfu mbili na tatu mabomu yalianguka mitaa ya kusini, na watu wa Kanyosha wakapanda mjini na magodoro kichwani. Saa kumi za alasiri Daphrose alisimama mlangoni kwa Mwanvua na mfuko mmoja. Alikuwa mjane wa Rénovat, yule aliyejenga nyumba ya vyumba viwili na veranda huko Kanyosha. Mlango wa nyumba hiyo aliutengeneza Mohamadi, na kitasa chake akakifunga yeye. Kwa hiyo walijuana.

Daphrose alikuwa amepitia Kigobe kwanza. Huko alikaa Jovithe, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, katika nyumba ya vyumba tisa. Jovithe alimwambia getini kwamba nafasi hakuna. Halafu akamwomba ufunguo mmoja kati ya mbili za nyumba ya Kanyosha, ili nyumba iwe na mtu wa kuitupia jicho. Kaka mkubwa wa mume hakataliwi. Daphrose alimpa mmoja kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akabaki na mwingine shingoni kwenye uzi.

"Mi naomba tu pahali pa kuweka mufuko," alimwambia Mwanvua. "Mi mwenyewe nitakaa inje."

"Karibu," Mwanvua alisema.

Kwao ilikuwa hivyo: karibu hutangulia, nafasi hutafutwa mgeni akiwa ameshakaa. Mwanvua akatazama huku na huku. Droo ya tatu ilikuwa tupu, maana mchele uliisha mchana ule. Akaifungua kwa kijiko. Daphrose akaweka mfuko, akaona haukukaa vizuri, akaingiza mkono kuusogeza, kisha bega, kisha mguu mmoja na wa pili. Mwanvua aliendelea kuchagua maharage.

Karibu na swala ya magharibi Daphrose alitoa kichwa. Alisema kuna dirisha dogo huko ndani, na aliuliza kama alifunge kwa ajili ya mbu.

"Funga," Mwanvua alisema. "Lakini kuja ule kwanza."

Mohamadi aliporudi kutoka karakana alielezwa. Akatoa futi yake ya utepe, akapima: arobaini na tano kwa sitini, hakuna kilichozidi. Akaingiza kichwa. Aliona chumba chenye mkeka, kigoda na msumari wa nguo, na dirisha lililotazama bustani ndogo yenye udongo mweusi. Akapitisha ukucha kwenye kiungo cha fremu ya dirisha. Haukuingia popote.

"Fundi mzuri," alisema. Dirisha lile halikuwa kazi ya mkono wake, na jambo hilo lilimuuma.

Hadi Ijumaa droo sita zilikuwa na watu. Ya kwanza ilichukuliwa na mume na mke na mtoto mchanga, ya tano na mlinzi mstaafu aliyekoroma, na nyinginezo na watu wa aina hiyohiyo, wapole, waliochoka. Chumvi na viberiti vilihamia kwenye kigoda. Mwanvua aliweka amri kwamba mtu asibamize droo, kwa kuwa kuna wengine chini yake. Jioni walifungua droo kidogo ili waweze kuzungumza, na mlinzi akasimulia uongo wake, na mtoto akapitishwa kutoka droo hadi droo. Waislamu waliswali kwenye mkeka, Wakristo waliomba humohumo ndani ya droo zao. Ndagala wachache, dagaa wa ziwani, walitosha, kwa sababu Mwanvua alikuwa fundi pia, wa mchuzi. Baadaye alikuja kusema kwamba wiki ile, na aibu anaona kusema, aliifurahia.

Jirani yake Khadidja alipita, akatazama, akauliza kama humo ndani hakuna joto. Akaambiwa hakuna. Watu wa barabara ile walikuwa wameona mengi tangu vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu, na kushangaa kulikuwa kumewaisha.

Bunduki ziliponyamaza, wageni walianza kurudi makwao mmoja mmoja. Daphrose naye alienda Kanyosha asubuhi. Alirudi saa nane kwa miguu, na sufuria moja mkononi.

"Ufunguo unaingia," alisema, "lakini hauzunguke."

Kitasa kilikuwa kimebadilishwa. Mwanamume mmoja aliyevaa singlendi alifungua dirisha, akamweleza kwa adabu kwamba yeye na familia yake ni wapangaji wa mzee Jovithe. Alimwomba msamaha. Halafu akamrudishia sufuria yake moja, kwa sababu wao walikuwa nayo kama hiyo.

Daphrose alilia mbele ya Mwanvua, wazi, mpaka chai ikachemka. Alisema ile nyumba walijenga wawili, Rénovat akipiga tofali naye akibeba maji, na kwamba hataki kitu kingine chochote duniani ila kulala tena ndani yake. Akanywa chai. Kisha akaingia kwenye droo.

"Mulango ule niliutengeneza mi," Mohamadi alisema. Alikuwa amekasirika. Siku iliyofuata alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi, akaenda Kigobe.

Nyumba ya Jovithe ilikuwa na veranda ya mita ishirini na mbili. Mwenyewe alikuja kumfungulia mlango akitembea kwa ubavu. Mohamadi ilimbidi atoe pumzi yote ndipo aingie sebuleni. Kochi liligusa kuta zote mbili, na mke wa Jovithe alimsalimia akiwa amebanwa kati ya kochi na televisheni, hawezi kunyanyuka. Mohamadi aliomba radhi, akatoa futi, akapima. Mita moja na sentimita kumi.

"Tulipojenga ilikuwa mita nane," Jovithe alisema. "Sijui kuta zinaenda wapi. Ilianza niliponunua shamba ya Gatumba. Halafu mwezi huu tena."

Alikuwa mtu mpole, mstaafu wa serikali, na alimtafutia mgeni mahali pa kusimama. Kwenye korido, juu ya sanduku lake la nguo, alikaa mama yake, Bibi Caritas, magoti yakigusa kidevu. Bibi Caritas aliuliza habari za Daphrose. Mohamadi akajibu kwamba yu mzima.

"Mzee, nimekuja juu ya ule mulango wa Kanyosha," Mohamadi alisema. "Mwenyewe anataka kuingia."

"Fundi, Daphrose hana mutoto mwanaume. Nyumba ya ndugu yangu ni ya ukoo. Mwanamuke anakuja, anaenda. Si mi niliyeanzisha hiyo."

"Basi akae hapa kwenu."

"Hapa?" Jovithe alisikitika kweli. "We mwenyewe si umepima?"

Mohamadi alikuwa amepima. Maisha yake yote alikuwa amewaambia vijana wa karakana kwamba futi haina ndugu, na sasa futi ilikuwa mfukoni mwake ikimtetea Jovithe. Akaaga, akatoka kwa ubavu.

Alipofika barabarani alisikia mtu nyuma yake. Alikuwa Bibi Caritas na sanduku lake.

"Kwenu nafasi iko?" aliuliza.

"Karibu, mama," Mohamadi alisema, kisha njia nzima akawa anafikiria atamweka wapi.

Hakukuwa na haja. Bibi Caritas aliingia droo ya tatu kwa mkwewe, na asubuhi kulikuwa na mkeka wa pili humo, na dirisha limeongezeka upana kwa viganja viwili. Mohamadi alipima droo. Arobaini na tano kwa sitini.

Daphrose alipeleka shauri lake kwa wazee wa mtaa. Walimsikiliza vizuri, wakamwambia arudi amani ikipatikana. Alirudi mara tatu, na mara zote tatu amani ilikuwa bado. Katikati ya hayo alipanda mchicha wa lengalenga kwenye bustani ya dirishani, akapata majani mapana ambayo sokoni Buyenzi yaliisha kabla ya saa nne. Watu waliuliza shamba lake liko wapi. Alisema liko barabara ya kumi na nne, na hakuna aliyemwambia kwamba barabara ya kumi na nne haina shamba. Bibi Caritas alinenepa. Aliweza sasa kunyoosha miguu, jambo ambalo, alisema, alikuwa amelisahau. Usiku walisikika wakicheka ndani ya droo, na Mwanvua alipiga kabati kwa kiganja ili wanyamaze, halafu akauliza wanacheka nini.

Ijumaa moja, Mohamadi akiwa na sanduku la vifaa miguuni, Daphrose alitoa uzi shingoni.

"Fundi, kile kishikio cha kesho, ni kesho ya mwaka gani?"

Akamwekea ufunguo mkononi. Ulikuwa wa shaba, mzito, wa zamani. Mohamadi aliutambua. Akatoboa matundu mawili na kuukaza kwa skrubu kwenye uso wa droo. Alivuta. Droo ikafunguka laini.

"Kazi yake moja ni kuvuta," Mwanvua alisema. "Ya pili?"

"Kungoja," Daphrose alisema.

Mohamadi alikubali kwamba hiyo ni kazi, na ufunguo ukabaki.

Jumapili baada ya misa Jovithe alikuja kumwamkia mama yake, akiwa na pakiti ya sukari. Mwanvua alimkaribisha kwa moyo. Jovithe alijaribu kuingia, lakini mabega yake yaligonga pande zote mbili za fremu ya mlango, mlango ambao wiki iliyopita ulikuwa umepitisha godoro.

"Acha tu, nitasimama," alisema. "Chumba yenu ni kidogo sana."

"Ni kweli," Mwanvua alisema. "Ni kidogo."

Kwa bahati kabati lilikuwa karibu. Jovithe alinyoosha mkono, akashika kishikio cha droo ya tatu, akavuta. Bibi Caritas alitoa kichwa, akapokea sukari, akambariki. Daphrose alikuwa nyuma yake akifunga mafungu ya lengalenga.

"Habari yako, shemeji," alisema.

"Nzuri, Daphrose. Wapangaji wanasema paa inavuja."

"Ni juu ya veranda, upande wa kushoto. Rénovat aliweka bati fupi. Waongeze kipande."

Jovithe alishukuru, na ilionekana alishukuru kweli. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kishikio, kikipapasa meno ya ufunguo.

"Kitu kizuri hii," alimwambia Mohamadi. "Shaba?"

"Shaba."

"Imetoka wapi?"

"Kanyosha," Mohamadi alisema.

Jovithe alitikisa kichwa kwa kukubali. Alisema angependa kishikio kama hicho, siku akipata pahali pa kuweka kabati. Kisha akaisukuma droo taratibu, bila kuibamiza, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaaga, akashika njia ya Kigobe. Barabara ya kumi na nne ilikuwa pana na haina watu saa hiyo, lakini aliipita kwa ubavu mpaka mwisho.