Mume Mwekundu

Mama Nyoosha hakuzaliwa na jina hilo. Majirani walimpa kwa sababu hakuna kitu kilichopinda kilichopita mbele yake kikabaki salama: kola ya mumewe, pazia la mtu, foleni ya benki. Alikuwa na stashahada ya uhazili, na kwa miaka mingi alinyoosha barua za wakubwa wasiojua kuandika. Ofisi ilipofungwa, alinunua printa, mashine ya joto ya kuchapia vikombe na boksi la vikombe vyeupe, akavipanga juu ya meza ya chakula. Tangu siku hiyo familia ilikula sahani zikiwa mapajani.

Kazi yenyewe ilieleweka. Unachapa picha kwenye karatasi kwa wino maalumu, unaifunga karatasi kwenye kikombe kwa utepe usioungua, unakibana kikombe ndani ya mashine. Joto linaugeuza wino kuwa mvuke, mvuke unazama kwenye kikombe, na ukibandua karatasi unakuta picha imehama.

Ya majaribio ilikuwa picha ya mumewe, mpima ardhi, kwa kuwa ile ya pasipoti ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Ilihama kweli. Tatizo ni kwamba ilifika ikiwa nyekundu.

"Huyu nani?" mume aliuliza.

"Wewe."

"Nimefanywa nini?"

"Kunywa chai, baba."

Kikombe cha pili kilikuwa chekundu zaidi. Kwenye cha tatu alielekea zambarau. Rafu ya sebuleni ikajaa waume. Mwenyewe hakulalamika, ila alianza kuvaa kofia hata akienda dukani.

Aliyelalamika ni dada yake, mwenye duka la mapazia.

"Wifi, nafasi dukani ninayo, lakini mwisho Jumatatu. Watu wanaililia. Njoo ukunje mapazia, acha kumchoma kaka yangu."

Mama Nyoosha alimpenda wifi yake, akiwa mbali. Aliwahi kumsaidia dukani wiki moja, na wiki nzima aliitwa "wewe binti" mbele ya wateja. Kurudi pale hakutaka hata kwa kubebwa. Lakini hadi Jumamosi asubuhi hakuwa na mteja hata mmoja wa kumwonyesha.

Jumamosi hiyo hiyo mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alibisha hodi. Aliingia, akaitazama rafu, akavua miwani.

"Pole sana, mama. Alifariki lini?"

"Nani?"

"Marehemu."

"Hajafa. Yuko bafuni."

Mkuu alikitazama tena kikombe cha mwisho. "Basi mpelekeni hospitali."

Akaeleza shida yake. Watoto thelathini walikuwa wanamaliza chekechea, na alitaka kila mmoja apewe kikombe chenye sura yake. "Lakini hawa ni watoto, mama, si nyanya. Nitengenezee mmoja nimwone. Nina kikao, sikai."

Mama Nyoosha aliipokea picha kutoka kwenye simu, akachapa. Karatasi ilitoka kama zilivyotoka zote: rangi zimefifia, mtoto amepauka kama aliyelala njaa. Hapo ndipo siku zote aliporudi kwenye kompyuta kuongeza rangi, akichapa na kuongeza tena, mpaka uso uwe na uhai kwenye karatasi. Mkono ukaanza kwenda.

"Bado?"

"Nanyoosha kidogo."

"Mama, mimi naondoka."

Aliurudisha mkono, akamfunga mtoto kwenye kikombe na kupauka kwake, akambana mashineni. Alijisikia kama anayempeleka mtu kanisani bila kumnawisha uso.

Wakisubiri, mume akatoka bafuni na taulo begani. Mkuu alimkagua kuanzia paji la uso hadi kidevuni.

"Mbona una rangi nzuri tu, baba?"

"Asante. Humu ndani siambiwi."

Mashine ililia. Mama Nyoosha akabandua karatasi, na mtoto akatokea: kahawia, shati la buluu, pengo mbele, kamasi chini ya pua. Hakuna kilichozidi. Kumbe wino ule huonyesha rangi yake ukishapata moto. Kupauka kwenye karatasi hakukuwa ugonjwa. Wiki nzima alikuwa akimtibu mtu asiyeumwa.

"Ndiye," alisema mkuu. "Ndiye kabisa, namsikia mpaka kelele zake." Akakisogeza kikombe dirishani. "Ila hilo kamasi. Huwezi kulifuta?"

Vidole vya Mama Nyoosha viliwasha. Alivifungia ndani ya kitenge.

"Naweza. Mama yake atamjuaje?"

Mkuu alifikiri. "Kweli," akasema, akaanza kutuma picha za wengine, simu ikipiga kengele moja baada ya nyingine mpaka akawa amevaa viatu na kwenda zake.

Mama Nyoosha akampigia wifi yake.

"Wifi, ile nafasi mpe mtu."

"Usiniambie umepata kazi."

"Nimepata watoto thelathini."



"Kaka yangu anajua?"

"Yuko hapa, anakunywa chai."