Marudiano ya Jumamosi

"Mwanamke wa kunishinda sataranji hapa Kwa Mrombo hajazaliwa," Nosim alipenda kutamba sokoni, kisha akamalizia mwenyewe, "maana wanaocheza, ukinihesabu na mimi, ni mmoja."

Leo ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, na mpinzani wake alikuwa Bhavin, mgane muuza vitambaa wa mjini. Baada ya hapo ligi ingefungwa miezi sita. Miezi sita bila kumwona akifuta kila kete kwa leso, bila ile chupa ya chai ya iliki ambayo kikombe chake cha kwanza Bhavin humpa yeye. Nyumbani, tangu mumewe, Baba Koikai, azikwe, Nosim humwaga nusu sufuria ya chai kila asubuhi. Mkono haujajifunza kupima ya mtu mmoja.

Ila ligi ilikuwa na kanuni yake: mechi ya sare hurudiwa Jumamosi inayofuata.

Kufika saa tisa, askari wake alibakiza hatua moja tu awe malkia. Mwenye akili angemsogeza, mchezo uishe. Nosim akamwacha palepale, kama mgeni asiyekaribishwa ndani, akaanza kumfukuza mfalme wa Bhavin.

"Cheki."

Mfalme akakimbilia kulia.

"Cheki."

Akarudi kushoto.

"Mama Koikai, mbona unanizungusha kama ng'ombe wa mnadani?"

"Kimbia tu, mzee. Ni dawa ya magoti."

Kete zikarudi mahali palepale mara ya tatu; katika sataranji, hiyo ni sare. Moyo ulimdunda Nosim kama wa mwali, lakini uso akaukaza.

"Kumbe tumeshindwa wote. Basi ni marudiano."

"Kanuni ni kanuni," Bhavin akasema haraka. "Jumamosi, saa nane. Chai nitaleta mimi."

Gadiel, katibu wa ligi, akafika na daftari lake.

"Shikamooni. Marudiano gani tena, wazee wangu? Kanuni hiyo tuliifuta kikaoni mwezi wa tatu. Mnagawana pointi, ligi imefungwa."

"Mimi sikuambiwa," Nosim akasema taratibu.

"Hata mimi!" Bhavin akadakia. "Ndiyo kwanza nasikia!"

Gadiel akafunua kurasa, akakuna kichwa.

"Mama alikuwa msibani Kikatiti, sawa. Lakini wewe, Mzee Bhavin, siku ile si ndiye uliyeandika muhtasari? Mwandiko huu wa nani?"

Bhavin akaokota kete, akaifuta kwa bidii, masikio yamemwiva mekundu.