Walianzaje Kusema

Nililowesha kidole kwa mate nikahesabu kurasa upya. Mia tatu na kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hakuna uliochanwa, hakuna uliogandana na mwenzake. Nikakikunja kitabu mgongo hadi gundi ikalia, nikachungulia ndani ya mshono kama daktari wa meno anavyochungulia ufizi. Kitabu kilikuwa kizima. Hilo ndilo lililonikera: kizima, na bado kina shimo.

"Umeruka," mdogo wangu alisema kutoka kitandani. "Wewe huruka mistari, Miguu. Tangu zamani."

"Sijaruka."

"Rudia."

Nikarudia. Dada wa kati anabisha mlango wa dada mkubwa. Mvua inanyesha. Mlango unafunguliwa. Wanatazamana, na mwandishi anatumia nusu ukurasa kutueleza habari za macho. Kisha anasema: wakaketi, wakazungumza mpaka jua likachomoza, na yote yaliyokuwa kati yao yakayeyuka. Sura imekwisha. Sura inayofuata wako sokoni wananunua maua.

"Na maneno yenyewe?"

"Hayapo."

Aligeuza macho kwenye dari ambayo siku hizo aliiona kama ukungu. "Kurasa zote hizo," akasema, "nimengoja mlango ufunguliwe. Umefunguliwa, halafu mimi nimefungiwa nje."

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa wakati ule, na nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu daktari alisema ni suala la wiki. Sukari ilikuwa imekula macho ya mdogo wangu kwanza, kisha ikashuka kwenye figo. Mimi sikuwa mtu wa kurudi. Nimepaka rangi madaraja, nimelinda maghala, nimeosha masufuria makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, nimefunga na kufungua mahema ya watu wa sarakasi. Jina la Miguu nilipewa na dada yetu mkubwa, na kila nilipotokea mlangoni alipaza sauti: "Miguu huyo! Mwekeeni chakula kabla hajaaga."

Shule niliipata vipande vipande, kama mtu anayekula mezani kwa wenzake. Darasa la pili mji huu, la nne mji ule, la tatu hatukuwahi kukutana. Kusoma hasa nilijifunza kwenye mifuko ya saruji na kwenye vibao vya kukataza watu. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kusoma kimya. Nikifunga mdomo, herufi nazo zinafunga duka. Lazima nisome kwa sauti, na nyumba ile kuta zake zilikuwa mbao nyembamba. Nilichomsomea mmoja, walisikia wote.

Wote maana yake wawili. Mdogo wangu tulimwita Mkasi, kwa sababu alikuwa mkataji. Dada alikuwa mshonaji. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama: meza ndefu ya kukatia upande wa dirisha, cherehani upande wa ukuta, na katikati hatua nne za sakafu. Hatua nne hizo zilikuwa na miaka minne bila neno.

Sisemi walinuniana. Kununa ni kazi ya watoto. Hawa walikuwa wanafungua mlango pamoja asubuhi, wanakula chungu kimoja, wanashona magauni ya harusi na sare za wauguzi, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Walisemezana kwa chaki. Mkasi akikata, aliweka alama juu ya kitambaa: msalaba mdogo maana yake acha nafasi ya kutosha; mistari miwili, punguza kiunoni; duara, mteja huyu ni mjamzito lakini hajasema. Dada akiwa hakubaliani alirudisha kipande mezani kikiwa na pini mbili. Mkasi akishikilia lake, alirudisha kipande na pini zile zile. Nimewahi kuona mkono wa koti ukienda na kurudi mara tano, wanawake wawili wazima wakigombana bila kupumua kwa nguvu. Na hakuna nguo iliyowahi kuharibika. Wateja walidhani ni watu wapole tu.

Chanzo kilikuwa mazishi ya mama. Mkasi alikuwa safarini, siku mbili njiani, akapeleka salamu: mningoje. Dada hakumngoja. Mkasi alifika na mkoba begani akakuta watu wanakunja mikeka na kaburi limeshawekwa maua. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akabadilisha nguo, akaketi kwenye meza yake. Ndiyo ikawa hivyo.

Mimi nilifika baada ya miezi saba. Hakuna aliyenigombeza. Nilifurahi siku ile, nikadhani nimesamehewa.

Sasa, kitabu. Kitabu kilikuja kupitia kwa msusi wa jirani. Mji mzima ulikuwa unakisoma. Wanawake walikaa chini ya vikausha nywele wakilia mpaka msusi akawa ananunua karatasi za kujifutia kwa katoni. Habari yake ni dada watatu, watu wazima. Mtoto wa yule wa kati anakufa maji siku aliyoachwa chini ya uangalizi wa dada mkubwa. Dada hao wawili wanaachana, hawasemezani miaka sita, na mdogo anabaki kupeleka maneno huku na huku. "Mwisho wanapatana," msusi alimwambia Mkasi, akishika kifua. "Utalia, shoga yangu. Utalia vizuri."

Mkasi hakutaka kulia vizuri. Siku ya tatu ya kusoma nilichoka, maana mwandishi yule alikuwa hawezi kumpitisha mtu jikoni bila kutuonyesha mwanga unavyoangukia sinki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hawa watu hawafui? Mtoto amekufa, wageni wamejaa nyumba, shuka zinafuliwa na nani?"

"Soma tu."

"Unapenda?"

"Sipendi. Nataka kujua walianzaje."

"Walianzaje nini?"

Akashusha sauti, akaelekeza kidevu kwenye ukuta. "Kusema. Wa kwanza alisema nini. Mimi nimetafuta miaka minne sijapata. Kila neno nikilipima, ama fupi ama linabana. Huyo mwandishi ameandika kitabu kizima, lazima alilipata."

Hapo ndipo nilipoelewa ninasoma nini. Na ndipo nilipogundua jambo jingine: kila nilipofungua kitabu, cherehani ilinyamaza. Sare za wauguzi zilichelewa wiki ile, na Dada hakuwa mtu wa kuchelewesha kazi.

Kwa hiyo nilisoma kwa bidii. Nilisoma hadi mwanga wa sinki. Nilisoma ndoto za dada mkubwa, kurasa kumi na moja za ndoto, zenye ndege weupe. Nilisoma huku nikiona rangi ya uso wa mdogo wangu inavyogeuka siku hadi siku, miguu yake inavyojaa maji, nikawa najiambia tutafika, mlango utafunguliwa, kisha atakuwa na neno la kusema naye atalisema. Tukafika. Wakazungumza mpaka jua likachomoza. Mwandishi mwizi!

Asubuhi yake nilikitia kitabu kwapani nikaenda dukani. Niliamini bado kwamba nakala yetu ina kasoro, kwamba mtu kiwandani alisinzia kurasa zikapita. Nimefanya kazi viwandani, najua watu wanavyosinzia. Nikashusha nakala nne kutoka kwenye rafu, nikazipanga kwenye kaunta, nikafungua zote ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, nikaanza kusoma moja baada ya nyingine. Kwa sauti, kwa kuwa sina namna nyingine.

Nilipofika mvua ya nakala ya tatu, muuza vitabu alivua miwani. "Mzee, hapa si mahali pa kuhutubia."

"Maneno yao yako wapi?"

"Maneno ya nani?"

"Ya hawa dada! Wameketi, wamezungumza. Wamezungumza nini?"

Mama mmoja aliyekuwa anachagua madaftari akasema, "Jamani, hapo mimi nililia."

"Ulilia nini, mama? Hapana kitu hapo!"

"Mwandishi ameacha makusudi," muuza vitabu alisema, kwa upole wa mtu aliyesoma shule moja mwanzo hadi mwisho. "Anamwachia msomaji ajaze mwenyewe."

"Ajaze na nini? Mimi nimekuja hapa na debe tupu, ndugu yangu. Ningekuwa na cha kujazia ningekuja kununua?"

Wakacheka. Nami nilijua nachekesha. Nikataka kumwambia yule bwana kwamba kuna mwanamke amelala nyumbani na siku zake zinahesabika, anangoja sentensi moja, moja tu, na mtu aliyelipwa kuitafuta ameingia mitini. Nikasema tu kitabu hiki kinadanganya njaa. Akanijibu kwamba kimechapwa mara ya saba. Nikamwambia hata uongo huchapwa mara nyingi. Tuliendelea hivyo, ukaidi juu ya ukaidi, labda saa nzima. Nilifurahia ugomvi ule, nikiri. Ni rahisi kumgombeza muuza duka.

Nikarudi mikono mitupu. Nilikuwa bado barabarani niliposikia sauti mbili, nikadhani ni wateja. Kisha nikatambua moja ni ya Dada, imepanda juu kama zamani tulipokuwa wadogo na yeye ndiye aliyegawa kazi.

"...na yule mume! Mtoto amekufa, yeye anapiga kinanda!"

"Hakuwa na mikono ya kufanya kingine," Mkasi akasema.

"Ningempa fagio."

"Ungempa fagio, angeandikiwa ndoto ya fagio."

Nikasimama mlangoni. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, futi ya kupimia bado shingoni, na miguu iliyovimba ya Mkasi ilikuwa juu ya mapaja yake. Alikuwa anaikanda kutoka vidoleni kwenda juu, kwa nguvu, kama anayekanda unga. Hawakunitazama.

"Na wewe ulikuwa unasikiliza," Mkasi alimwambia.

"Nani asisikilize? Huyu ndugu yako anasoma kama anauza samaki."

Ndipo waliponiona. "Umeyapata?" Mkasi akauliza.

"Hayapo. Nakala zote ziko hivyo."

"Basi," Dada akasema, "mwandishi huyo hana dada."

Wakaishi siku kumi na mbili hivyo. Ningependa kusema walizungumza mambo makubwa. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walikichambua kile kitabu kama kuku, mfupa kwa mfupa. Walibishana kama mvua inaweza kunyesha sura tatu mfululizo. Walimchukia yule dada wa mwisho, kisha Mkasi akaanza kumtetea kwa sababu tu Dada amemchukia. Mimi nilikaa pembeni nimekasirika. Nilitaka waingie kwenye jambo lenyewe, muda unakwenda, na wao wanawashonea nguo watu wasiokuwepo. Mara mbili nilijaribu kuwasukuma. "Na habari za mama je?" nikasema. Wote wawili wakanitazama kama nimeingia na matope ndani.

Habari hiyo niliisikia mara moja tu. Ilikuwa mchana, Dada anamlisha uji, mimi niko uani napasua kuni.

"Ungeningoja," Mkasi akasema.

Kijiko kiligonga bakuli. "Ningekungoja," Dada akasema. "Ndiyo."

Kisha akamwambia afungue kinywa, uji unapoa.

Mkasi alifariki siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, tukiwepo wote. Safari hiyo nilikuwepo.

Sasa nina miaka sabini na sita, na kitu kimoja bado kinanikera kama punje ya mchanga kwenye jino. Sikuwepo waliposema neno la kwanza. Wakati Dada anazivuka hatua nne zile, mimi nilikuwa dukani nimepanga nakala nne nabishana na mtu asiyenihusu. Msusi akiniuliza walipatanaje wale, nasikia mdomo wangu unajibu: walikaa, wakaongea. Najiona mjinga. Najiona nimechapwa mara ya nane.

Nimemuuliza Dada mara nne, kila nilipopita pale. Mara ya kwanza alisema alimwuliza Mkasi kama amelipa mtu wa maji. Mara ya pili akasema hapana, ni Mkasi aliyeanza, alitukana kitabu naye akaitikia. Mara ya tatu alisema hakumbuki na nisimsumbue ana kazi. Mwaka huu nimemkuta macho yake nayo yameanza kufifia, anatunga sindano kwa kupapasa. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake.

"Dada, nakuomba. Kabla hatujaondoka duniani. Lilikuwa neno gani?"

Akaulowesha uzi ncha kwa ulimi. Akautunga mara ya pili, ukaingia.

"Ungekuwepo, ungesikia," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akakigeuza kitambaa, akashusha mguu wa cherehani, akaendelea na pindo.